Mvukuto wa Mama Kidevu

Bango walilotundika kwenye geti la ukumbi wa mji lilikuwa na maneno mengi, na mimi si msomaji wa haraka. Shule niliiacha mapema, kabla yenyewe haijaniacha. Nilisimama pale na kiatu cha mtu mkononi, nikasoma neno kwa neno. Maonyesho ya picha za zamani za mji wetu. Ufunguzi Jumamosi. Wote mnakaribishwa. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za mtu anayeona haya: Mpiga picha hajulikani.

Hajulikani! Mke wangu!

Mji huu mzima ulimjua. Walimwita Mama Kidevu, kwa sababu kila aliyekaa kwenye kiti chake cha picha, awe mzoa taka au hakimu, aliambiwa neno lilelile: "Kidevu juu." Hakukubali kumpiga mtu aliyeinama. Alisema mtu akiinama unapata paji la uso, na paji la uso halina habari. Hata sasa ukipita sokoni ukasema "Mama Kidevu," wauzaji wa makamo wananyoosha shingo bila kujijua.

Chumba cha picha cha baraza la mji kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha. Humo ndimo alimofanyia kazi ujana wake na utu uzima wake, naye wakamwita kibarua. Aliingia kibarua, akazeeka kibarua. Dawa za kusafishia picha zilimkalia kifuani. Akaomba feni, wakubwa wakasema litaangaliwa. Wanaliangalia mpaka leo. Mashine mpya zilipokuja wakamwambia asirudi tena, na akabidhi kamera na negativu zote. Akakabidhi. Alibaki na kikohozi tu, hicho hawakukidai. Na kikohozi hicho ndicho kilichonifanya mgane.

Watu husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa walimnyonga, na haki wakaitia mfukoni.

Nilivuka geti nikaenda hadi kwa Afisa Habari. Ni kijana mpole, shati limenyooka, ndiye aliyepewa kazi ya kuandaa hayo maonyesho. Namjua kwa viatu. Banda langu la kushona viatu liko ng'ambo ya barabara, linatazamana na geti lao, na hakuna mkubwa wa baraza ambaye soli yake haijapita mapajani mwangu.

"Karibu Mzee," akasema. "Viatu vyangu vimekuwa tayari?"

"Viatu vyako viache vipumzike. Nani hajulikani?"

Akatazama meza. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima.

"Mzee wangu, mimi hapa mgeni. Nimeuliza. Wakubwa wanasema vibarua hawakuwa wakiandikwa, kwa hiyo jina halipo."

"Basi liandike wewe."

"Siwezi kuandika kwa maneno matupu. Kesho atakuja mwingine aseme mpiga picha alikuwa mjomba wake. Nitafutie kitu, Mzee. Kitu chochote kinachomwonyesha yeye akipiga picha za baraza. Kimoja tu kinatosha. Mimi mwenyewe nitakipeleka juu."

Hapo akaniweza. Mke wangu alipiga picha mji mzima, lakini yeye nani alimpiga? Mimi ninayejua nyundo na msharasi wa kutobolea ngozi? Nyumbani tuna picha yake moja, kichwa tu, ya kitambulisho, na hata hiyo alipigwa na mtu wa kibanda cha kituoni, akarudi amenuna kwa sababu walimpiga ameinama.

Nilirudi bandani nikakaa. Jirani yangu Kinyozi, ambaye kiti chake na changu vinatenganishwa na ukuta wa mabati tu, akachungulia.

"Kisigino, mbona umevimba kama chapati?" Hilo ndilo jina alilonipa, na mimi huwa namlipa kwa mengine ambayo siwezi kuyaandika.

"Wamesema hajulikani."

Hakuuliza nani. Bango na yeye alikuwa amelisoma. Akazima mashine yake ya kunyolea, akasema, "Mimi picha yangu ya kwanza alinipiga yeye. Nilikuwa na kamasi. Alinifuta kwa pindo la nguo yake mwenyewe."

"Nenda kawaambie."

"Nitakwenda. Wataniuliza, kamasi iko wapi?"

Ndipo nilipokumbuka bati la biskuti.

Alipotoka barazani kwa mara ya mwisho, mke wangu alikuja na vitu vitatu tu, vyote vyake, akavitia kwenye bati hilo. Cha kwanza ni mvukuto: kile kiriba cheusi cha kukunjana kama kodiani, kinakaa juu ya reli ya chuma, mbele kinabeba lenzi, nyuma kinabeba kamera. Alikinunua mwenyewe. Watu walikuwa wakimletea vipicha vya marehemu wao, vidogo kama kucha, naye akivitoa vikubwa kwa huo mvukuto. Wakubwa walipokagua mkoba wake mlangoni waliona takataka, wakampungia mkono apite. Cha pili ni lenzi fupi ya huo mvukuto. Na cha tatu ni negativu moja, kubwa kama kiganja, imefungwa kwenye kitambaa laini.

Habari ya hiyo negativu naijua kwa sababu aliwahi kunisimulia, tena kwa kucheka. Mwenyekiti wa kwanza wa baraza alikuja kupigwa picha ile kubwa ya kutundikwa ukumbini. Alivaa miwani. Alipoletewa picha akaikataa, akasema kuna vitu ndani ya miwani yake. Akaamuru ichanwe, akapigwa upya bila miwani, na hiyo ya pili ndiyo iliyotundikwa, jicho limemlegea kama samaki wa jana. Ile ya kwanza mke wangu hakuichana. Aliniambia, "Mume wangu, mzee ameona vitu ndani ya miwani. Mimi nikaona viache vikae."

Miaka hiyo nilicheka naye nikaendelea kugonga viatu. Sasa, nikiwa nimekaa na lile bati mapajani, nikajiuliza swali ambalo hata mtoto angejiuliza. Mtu akiwa amekaa anapigwa picha, mbele yake kuna nini? Kwenye miwani yake kutaonekana nani?

Nikainua negativu kwenye mwanga wa mlango. Niliona uso wa Mwenyekiti, mweusi mahali pa weupe na mweupe mahali pa weusi, kama shetani wa kanisani. Kwenye kioo kimoja cha miwani kulikuwa na alama. Ndogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Nikasogeza jicho mpaka kope zikagusa. Alama ikabaki alama.

Binti yangu hupiga picha za harusi. Ana kamera ya kisasa, ile aina isiyo na kioo cha kupindua picha ndani yake, nyepesi, bapa, inapiga bila hata kulia. Nilimwonyesha negativu, akaibandika dirishani, akaipiga kwa lenzi yake, akaivuta kwenye skrini. Tukaona madoa tu.

"Lenzi yangu haisogei karibu zaidi ya hapo, Baba."

"Mvukuto wa mama yako unasogea."

Akaugeuza mkononi. Vumbi likamwagika, na mende mmoja aliyekufa akiwa na heshima zake. "Baba, huu ni wa kamera za zamani. Mdomo wake haulingani na wa kamera yangu. Na umetoboka. Na hii kamera ndiyo riziki yangu, Jumapili nina harusi."

"Sijasema niitoboe kamera."

"Ukishika kitu, Baba, kinatoboka."

"Jumamosi wanafungua ukumbi wao na mama yako hajulikani."

Akauweka mvukuto mezani. Kisha akasema kitu kilichonichoma. "Mama mwenyewe hakuwahi kulalamika."

"Ndiyo maana nalalamika mimi," nikasema. "Zamu yake ilipita kimya. Hii ni yangu."

Akanitazama sana. Kisha akachomoa kile kifuniko cha plastiki kinachoziba mdomo wa kamera wakati haina lenzi, akanipa. "Anza na hiki. Kikiharibika, kimeharibika kifuniko. Na unakitobolea mbali na kamera. Chembe moja ya plastiki ikiingia ndani mle, mimi na wewe tutajuana."

Basi tukaanza. Kifuniko kile kinajua kushika mdomo wa kamera yake, maana kimezaliwa nao. Nilichotakiwa ni kukitoboa katikati na kukikaza nyuma ya mvukuto. Nilikitoboa kwa kisu cha kukatia soli, polepole, nikakipiga msasa, nikakisugua kwa kitambaa cha unyevu mpaka kikawa safi kama sahani. Tukakikaza kwa skrubu. Binti yangu akaleta kamera, akaisogeza, akaizungusha. Haikuingia. Uvimbe wa kamera ule unaoshikwa na vidole ulikuwa unagonga reli ya mvukuto kabla haijafika. Kamera za zamani zilikuwa nyembamba pembeni. Hizi za sasa zina tumbo, kama wakubwa wetu.

"Imekataa," akasema binti yangu, na nusu ya sauti yake ilikuwa imefurahi.

"Mtu mfupi anayetaka kufika juu anafanyaje?"

"Anapanda kiti."

"Anavaa kisigino."

Nikachukua raba nyeusi ya kisigino, ile nene, nikaikata duara, nikatoboa katikati, nikabandika na nyingine juu yake, nikaweka kati ya mvukuto na kifuniko. Kamera ikasogea nyuma, ikapita reli bila kugusa. Ikaingia, ikalia *ka!*

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani, mteja wake amenyolewa nusu. "Haya makubwa! Kamera imevaa mchuchumio!"

"Rudi kwa mtu wako, kichwa kimebaki ramani."

Lakini furaha ya fundi ni fupi. Binti yangu alibonyeza kitufe, kamera ikakataa. Ikaandika kwenye skrini kwamba hakuna lenzi. Lenzi ipo, imekaa mbele yake mchana kweupe, ila kwa kuwa haina nyaya za kuzungumza nayo, kamera inasema haipo.

"Hata yeye amesomea barazani," nikasema. "Usipokuwa na waya wao, hupo."

Binti yangu alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Akaingia kwenye menyu, akatafuta, akapata mahali pa kuiruhusu ipige bila lenzi. Akabonyeza. Ikapiga. Picha ikatoka nyeupe yote kama maziwa yaliyomwagika. Mwanga ulikuwa unaingia kwenye matundu ya mvukuto.

Kuziba tundu kwenye ngozi ni kazi yangu, na hapo ndipo nilipovurunda. Nilijifunika blanketi mezani, tochi nikaitia ndani ya mvukuto, nikawa naona matundu yanang'aa kwenye mikunjo kama nyota, huku Kinyozi nje anauliza mtu mzima aliyejifunika blanketi jua limewaka anamficha nani. Nilikata vipande vya nailoni ya mwavuli mweusi, maana ngozi ingekuwa nene isikunjike. Nikapaka gundi ya viatu. Kila fundi viatu anajua ile gundi: unapaka huku, unapaka na kule, unaiacha ikauke mpaka kidole kisinate, ndipo unabandika, na ikishikana, imeshikana. Nilipaka, nikabandika, nikaufunga mvukuto niupumzishe, na mkono wenyewe, kwa mazoea, ukachukua nyundo ukaugonga taratibu kila upande. Ndivyo ninavyomaliza kila kiatu.

Gundi iliyomwagika kando ya viraka ilikuwa imekauka vizuri sana. Mikunjo ikashikana. Nilipouvuta asubuhi haukufunguka. Nikauvuta tena. Ukachanika kama mkate.

Binti yangu aliingia akanikuta nimeushika vipande viwili. Nilitegemea kelele. Akaketi kwenye kile kistuli cha wateja, akasema, "Baba, umeugonga nyundo?"

"Kidogo."

"Umegonga mvukuto nyundo."

"Nilisema kidogo!"

Akajishika mdomo. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, na mimi nikaanza kutukana baraza la mji, feni yao, ngazi yao, Mwenyekiti wao na jicho lake la samaki, mpaka na mimi nikaona ninacheka, na mwishowe hatukujua kama bado ni kicheko.

Tukaushona upya. Si kuziba sasa, ni kutengeneza. Tulitoa kitambaa chote cha mwavuli kiwe mwili mpya wa mvukuto, tukachukua katoni nyembamba ya boksi la viatu, tukakata vibao vyembamba vya kila mkunjo, tukavibandika kwa gundi kidogo kama mate ya nzi, na kila tulipopaka nikamwaga poda ya mtoto ili gundi isinate pasipotakiwa. Binti yangu ana vidole vya mama yake. Alikunja, mimi nikashikilia. Ndani tukapaka masizi ya taa yaliyokorogwa na gundi ya maji, maana nailoni inang'aa, na kinachong'aa ndani ya mvukuto kinaharibu picha. Ulipokauka ukafunguka na kufunga kama unavuta pumzi. Haukuwa mzuri. Ulikuwa kama kodiani ya kichaa. Lakini tochi ndani ya blanketi haikuonyesha hata nyota moja.

Tukabandika negativu kwenye kioo, nyuma yake karatasi nyeupe, tukaikaza pamoja na mvukuto juu ya ubao mmoja, ili lori likipita vitikisike pamoja. Kinyozi akaombwa azime mashine na redio. Akazima, akawaambia wateja wake kuna msiba. Binti yangu akauvuta mvukuto mpaka mwisho wa reli. Kadiri lenzi inavyokwenda mbali na kamera, ndivyo kidogo kinavyokuwa kikubwa. Mke wangu alikuwa akiuzungumzia mvukuto kama mtu: mnyooshe tu, atakwambia.

Kwenye skrini kulikuwa na ukungu. Binti yangu akazungusha gurudumu dogo. Ukungu ukawa mistari mirefu, kama mabua shambani.

"Nyusi," akasema.

Akasogeza kioo chenye negativu kiasi cha unywele mmoja. Ukaja ukingo wa miwani, mnene kama bomba. Akasogeza tena. Akapiga. Kisha akageuza weusi kuwa weupe, na weupe kuwa weusi.

Ndani ya kioo cha miwani ya Mwenyekiti kulikuwa na chumba kizima. Kimepinda kidogo, kama ukijitazama kwenye kijiko. Taa mbili. Dari limeinama, kwa sababu juu yake kuna ngazi, na hakuna chumba kingine mjini chenye dari la namna ile. Kamera kubwa juu ya miguu mitatu. Na kando ya kamera, wala si nyuma yake, amesimama mwanamke, mkono mmoja umeshika ule waya wa kupigia picha, penseli imechomekwa kwenye nywele. Kidevu chake kiko juu. Ndivyo alivyofanya siku zote: alikiinua chake kwanza ili aliyekaa aige.

Binti yangu akasema, "Mama," sauti ya kawaida, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili.

Mimi nilitoka nje. Nilikuwa na kazi nje.

Kesho yake Afisa Habari alipewa ile picha mkononi. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza dirishani, akaigeuza kama vile nyuma kungekuwa na zaidi. "Mzee," akasema, "huyu ndiye. Chumba chenyewe ndicho kile tunachowekea mafagio." Akaenda nayo juu mbio mbio, na mimi, mzee mzima nisiyejifunza, nikakaa kwenye benchi la korido nikiwa na matumaini.

Alirudi anatembea polepole. Nilijua kwa hatua, kabla sijamwona uso.

"Wakubwa wamesema ni picha nzuri."

"Lakini."

"Lakini picha hii Mwenyekiti mwenyewe aliikataa. Ukumbi hauwezi kuonyesha picha iliyokataliwa. Si rasmi."

"Na yaliyomo ndani yake?"

"Yaliyomo ndani ya picha isiyo rasmi nayo si rasmi, Mzee." Aliyasema maneno hayo kama mtu aliyelishwa mchanga. "Wamesema labda mwakani, tukipata utaratibu."

Utaratibu. Watu hawa wangekuta nyumba inaungua wangetafuta utaratibu wa kupata maji.

Sikugombana naye. Nilichukua picha yangu. Nilipofika bandani nilimwambia binti yangu, "Fundi wa mabango anaweza kuitoa kubwa kiasi gani?"

"Kubwa kiasi gani unataka?"

Nikamwonyesha ukuta. Akasema, "Baba," halafu akasema, "Sawa."

Jumamosi asubuhi Kinyozi alileta ngazi. Banda langu ni fupi, kwa hiyo picha tuliipandisha kwenye ukuta wa jengo la nyuma, ambao nusu ni wake. "Wakibomoa banda lako," akasema akiwa juu, misumari mdomoni, "picha itabaki kwangu. Anayenyolewa anatazama juu hata hivyo."

"Shusha kidogo, Baba," binti yangu alisema kutoka chini. "Watu hawataiona vizuri huko juu. Watalazimika kuinua shingo."

"Ndipo hapo hapo. Gonga, Kinyozi."

Jicho la Mwenyekiti likakaa pale, kubwa kama mlango, na ndani ya miwani yake mke wangu, mkubwa kama mtu. Chini yake, kwa ile rangi nyeupe ya raba za shule, niliandika kwa mkono wangu neno moja. Herufi zangu si nzuri. ANAJULIKANA.

Wageni walianza kufika kwenye geti. Magari, suti, kina mama waliojipamba. Walisogea kuelekea mlangoni, halafu mmoja akageuka, halafu wa pili, na foleni ikaanza kuingia ukumbini kinyumenyume. Muuza matunda mmoja alivuka barabara na beseni lake kichwani. "Si Mama Kidevu yule?" akapiga kelele. "Ndiye! Na penseli yake!"

Afisa Habari alivuka akikimbia. Nilikuwa namwonea huruma, lakini huruma yangu ina mpaka, na mpaka wenyewe ni barabara ile. Alipofika katikati soli ya kiatu chake cha kulia ikaachama. Siku zote hizo alikuwa anaona haya kuja kuchukua vile vilivyokuwa kwangu, akavaa vya zamani. Alifika bandani anapiga makofi kwa mguu.

"Mzee, wakubwa wamesema uishushe. Sasa hivi. Ni bango bila kibali."

"Kaa, lete kiatu."

"Mzee, nisikilize."

"Nakusikiliza kwa masikio. Mikono iko bure. Lete kiatu, utaingiaje mbele ya wageni na mdomo wazi?"

Akasita, akavua, akakaa kwenye kistuli na soksi. Soksi ilikuwa na tundu. Nilijifanya sijaliona.

"Ni bango la nani hilo?" nikamuuliza, napaka gundi.

"La kwako."

"Tazama vizuri. Huyo ni Mwenyekiti wenu wa kwanza. Nenda kawaambie wakuandikie amri, isomeke kwamba jicho la Mwenyekiti wa kwanza linaondolewa kwa sababu ya kile lilichoona. Waweke na muhuri. Wakishaweka, nitapanda ngazi mwenyewe."

Kinyozi nyuma ya mabati akasema, "Na nakala kwa kinyozi."

Simu ikalia. Akapokea, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo. "Ndiyo, mkubwa. Nipo hapa. Bado. Hapana, mkubwa, siwezi kuja sasa hivi." Akanitazama. "Sina kiatu."

"Maliza haraka basi," akaniambia alipokata.

"Gundi haijui cheo. Ukiibandika kabla haijakauka, utaivua njiani. Tulia. Hata sisi tulijifunza juzi."

Basi akatulia, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Soli juani, mguu wa soksi juu ya ule mwingine. Ng'ambo, ndani ya ukumbi wao, mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili, na watu walikuwa bado getini, wamegeuka huku. Nikawatazama. Wazee wengine sikuwahi kuwaona wakitazama kitu chochote zaidi ya vidole vya miguu yao. Ilikuwa juu sana ile picha, hakuna aliyeweza kuiona akiwa ameinama.

"Jina lake hasa lilikuwa nani?" kijana akauliza kwa sauti ya chini. "Kuna kalamu mfukoni. Lile bango letu la getini liko karibu tu, na hakuna anayelitazama sasa hivi."

Nikamtajia. Akalirudia kimoyomoyo, midomo inatembea. Nikabandika soli, nikashika nyundo, kiatu kinaruhusiwa kugongwa.

"Anafananaje hasa?" akasema. "Kutoka hapa naona mwanga tu."

"Inua," nikamwambia. "Zaidi. Kidevu juu."

Akainua.

"Hapohapo," nikasema. "Usitikisike."